Kuamini kwamba Yesu alifufuka: ni akili, au ni ukaidi wa waliofiwa?

MLETA MADA

Wakuu, salaam.

Mada hii imeletwa humu mara nyingi na kila ikija huishia pale pale. Huyu anabandika mistari, yule anabandika vicheko, ikifika jioni watu wanatukaniana wazazi, uzi unafungwa. Nimeamua kuileta kwa njia nyingine.

Mimi ni Mkristo na naamini Yesu alifufuka. Ila sitasema hapa kwamba ufufuo "umethibitishwa", kwa sababu haujathibitishwa, na wahubiri wanaojigamba kwamba ushahidi wake ungeshinda katika mahakama yoyote duniani wanatuponza. Dai langu ni dogo kuliko hilo. Nasema mtu mwenye akili timamu, anayejua vizuri kwamba maiti hainyanyuki, anaweza kuiamini habari hii bila kuizima akili yake. Asiyeamini naye simwiti mjinga, na mbele nitaeleza kwa nini.

Kwanza niondoe hoja moja ambayo hainisumbui hata kidogo: "watu wa zamani hawakuwa na sayansi, ndiyo maana waliamini." Jamani! Watu wa karne ya kwanza walizika kuliko sisi. Waliosha maiti zao kwa mikono, nyumbani, na harufu waliijua. Paulo alipotaja ufufuo kule Athene, Matendo 17:32 inasema wengine walidhihaki papo hapo. Masadukayo, ambao ndio waliokuwa na sauti hekaluni, waliukataa ufufuo wa aina yoyote. Hata wanawake waliporudi kutoka kaburini, mitume wenyewe waliyaona maneno yao "kama upuuzi" (Luka 24:11). Kutoamini ufufuo ni kwa zamani kabisa, hakukuja na darubini.

Na wale Wayahudi waliouamini, Mafarisayo na wenzao, waliungojea siku ya mwisho, kwa wote kwa mpigo, kama ilivyo katika Danieli 12:2. Kwamba mtu mmoja atangulie peke yake, Warumi bado wanatawala na watu bado wanakufa kama jana, hilo halikuwa kwenye ratiba ya mtu. Ndiyo maana Paulo anahangaika kulitafutia jina, mwishowe anaokota neno la shambani: "limbuko". Yaani mavuno yameanza, shuke la kwanza limeshakatwa, mengine yote bado yako kondeni. Hilo si neno la mtu anayerudia alichokaririshwa utotoni. Ni neno la mtu ambaye jambo limemkuta halina mahali pa kukaa, akalitengenezea mahali.

Sasa tuje kwenye ushahidi. Wengi hukimbilia kaburi tupu. Mimi naanzia kwenye barua.

Waraka wa kwanza kwa Wakorintho uliandikwa Efeso, yapata mwaka 53 hadi 55. Fungueni sura ya 15, someni mstari wa 3 hadi wa 8, tena kwa sauti. Paulo kwa kawaida huandika kama mtu anayekimbizwa, sentensi inazaa sentensi kabla ya kwanza haijaisha. Hapa ghafla anatulia na maneno yanapiga kama ngoma: "ya kuwa Kristo alikufa... na ya kuwa alizikwa... na ya kuwa alifufuka siku ya tatu... na ya kuwa alimtokea Kefa." Hayo ni maneno ya kukariri. Mwenyewe anakiri kwamba anawatolea "yale niliyoyapokea", na kupokea na kutoa ndiyo ilikuwa lugha ya walimu wa Kiyahudi walipokabidhiana mafundisho. Halafu angalieni jina: Kefa. Anawaandikia watu wa mji wa Kigiriki, lakini Petro anamwita kwa Kiaramu.

Aliyapokea wapi? Wagalatia 1:18-19 inasema miaka mitatu baada ya kuongoka alipanda Yerusalemu kuonana na Kefa, akakaa kwake siku kumi na tano, na akamwona pia Yakobo, ndugu wa Bwana. Pilato alitawala Uyahudi mwaka 26 hadi 36, na kusulubiwa huwekwa ama mwaka 30 au 33. Pigeni hesabu. Hata tukimpa Paulo muda wa kutosha wa kuwatesa Wakristo kabla hajageuka, ziara hiyo inaangukia ndani ya miaka michache tu tangu msalaba. Wanazuoni wengi, hata wasioamini, wanakubali kwamba kanuni hiyo ya imani ni ya siku hizo za mwanzo.

Hizo siku kumi na tano ndizo zinazonikamata mimi. Mtu aliyekuwa anawafunga watu hawa gerezani, leo anakula sahani moja na kiongozi wao. Wiki mbili! Mnadhani hakumhoji? Ulimwona wapi? Ulikuwa na nani? Ulijuaje ni yeye? Polisi hata akistaafu hubaki na maswali ya kipolisi.

Kwa hiyo ile hadithi kwamba Wakristo walianza na mwalimu mwema, kisha vizazi vikaongeza chumvi mpaka akafufuka, mimi naona imekufa hapo. Chumvi iliongezwa, ndiyo, nitalikubali mbele. Lakini mboga yenyewe ilikuwa jikoni tangu mwanzo.

Na Yakobo? Huyu ni ndugu yake, iwe wa tumbo moja au wa ukoo, hapo tusigombane. Yohana 7:5 inasema nduguze hawakumwamini. Marko 3:21 jamaa zake wanakuja kumkamata wakidhani amerukwa na akili. Habari kama hiyo hakuna kanisa lingejitungia. Halafu ghafla Yakobo ndiye nguzo ya kanisa la Yerusalemu, na mwaka 62 anauawa kwa amri ya kuhani mkuu. Kifo hicho kimeandikwa na Yosefu, mwanahistoria wa Kiyahudi ambaye hakuwa na sababu ya kututetea. Wenye ndugu mnajua: mtu wa mwisho kukuita Bwana ni yule mliyegombania naye blanketi.

Nadharia za kitoto nitazipita haraka. "Wanafunzi waliiba mwili": Mathayo 28 yenyewe inasema uvumi huo ulikuwapo, na Reimarus wa Ujerumani aliufufua katika karne ya 18. Haielezi Paulo wala Yakobo, ambao hawakuwa kwenye kundi la kuiba chochote. "Alizirai tu": hii aliizika David Strauss mwaka 1864, na Strauss alikuwa mpinzani wa miujiza namba moja. Alisema mtu aliyetambaa nje ya kaburi nusu mfu, anayehitaji kufungwa vidonda, hawezi kumpa mtu wazo kwamba ameshinda mauti. Atampa wazo la kumwita mganga.

Mwaka 1968 kaskazini mashariki mwa Yerusalemu kulipatikana sanduku la mawe la kuhifadhia mifupa, limechorwa jina Yehohanan. Ndani yake, mfupa wa kisigino bado umepitiwa na msumari. Ncha ya msumari imepinda, kama imegonga fundo la mti, ndugu zake wakashindwa kuuchomoa, wakamzika nao. Ukiitazama picha ile, hamu ya kujadili kuzirai inaisha. Pia inawajibu wanaosema waliosulubiwa hawakuzikwa kamwe: huyu alizikwa na watu wake, kwa heshima.

Nadharia pekee ninayoiheshimu ni ya maruweruwe. Kwamba Petro na wenzake, kwa majonzi, walimwona. Naiheshimu kwa sababu imenipata.

Wiki mbili baada ya kumzika mama nilisikia ndala zake koridoni. Si mfano wa ndala. Ndala zake, ule wa kulia unaoburuza kidogo kwa sababu ya goti. Nikanyanyuka kumfungulia mlango. Nilishika kitasa kabisa. Halafu nikakumbuka.

Baadaye nikasoma kwamba siko peke yangu. Daktari mmoja wa Wales, Dewi Rees, alichapisha mwaka 1971 mahojiano na wajane na wagane 293, na karibu nusu yao waliwahi kumsikia, kumwona au kuhisi yupo mwenzao aliyekufa. Hawakuwa wagonjwa wa akili. Ni watu waliofiwa.

Kwa hiyo najua kumsikia marehemu kukoje. Lakini usiku ule sikwenda kumwamsha dada yangu na kumwambia mama amefufuka, kaburi li wazi. Kilichonijia ni kinyume: mama amekufa kweli, sasa najua. Ndala zile zilimzika mara ya pili. Aliyefiwa akipata maruweruwe husema "roho yake imenijia", husema "yuko salama". Neno "amefufuka" lilihitaji kitu cha ziada, na hicho kitu cha ziada ndicho ninachokitafuta katika nadharia hii bila kukiona.

Sasa udhaifu wa upande wangu, niuseme kabla hamjanisemea.

Injili hazilingani. Wanawake ni wawili kwa Mathayo, watatu kwa Marko, Luka anawaongeza, Yohana anamtaja Mariamu Magdalene peke yake (ingawa 20:2 anasema "hatujui", kwa wingi). Malaika mmoja, malaika wawili. Galilaya au Yerusalemu? Nimesoma vitabu vinavyozishona tofauti hizo zikae sawa, na mshono unaonekana. Marko 16:9-20 haimo katika nakala kongwe mbili za karne ya 4, Sinaiticus na Vaticanus. Humo Marko anaishia mstari wa 8, wanawake wanakimbia na hawasemi neno kwa mtu. Paulo hataji kaburi tupu. Anasema "alizikwa" tu. Na hoja maarufu ya ushahidi wa wanawake (kwamba Yosefu anasema sheria haikuupokea, hivyo nani angewatunga?) ni nzuri lakini ina mwisho wake. Wanawake ndio waliokwenda kupaka maiti manukato. Ukitunga kisa cha asubuhi makaburini, utamweka nani mwingine? Napenda tu kwamba Celsus, mpagani wa karne ya 2, alipotaka kutukejeli alianzia hapo hapo: shahidi wenu ni mwanamke aliyechanganyikiwa. Aibu hiyo tulikuwa nayo tangu zamani na hakuna aliyeifuta.

La mwisho ndilo kubwa. Mwanafalsafa David Hume aliandika mwaka 1748 kwamba ukisikia muujiza, jiulize kipi ni cha ajabu zaidi: muujiza wenyewe kutokea, au shahidi kudanganyika. Mwaka 1837 Charles Babbage, mwanahisabati wa mashine za kuhesabia, alimjibu kwamba mashahidi wakiwa wengi na kila mmoja akiwa hamtegemei mwenzake, hesabu inaweza kupinduka. Sawa, lakini sharti lake ni kutotegemeana, na mitume walikuwa chumba kimoja, wanalia pamoja. Babbage hatusaidii kama tunavyotaka.

Kinachobaki ni hiki. Ukiwa na hakika kwamba hakuna Mungu, basi maelezo yoyote, hata yaliyochakaa, yatakuwa bora kuliko ufufuo, nawe utakuwa umefuata akili yako. Ukiona Mungu yupo, au hata huenda yupo, mizani inabadilika kabla hujaweka ushahidi wowote juu yake. Sisi hatusemi asili ilimfufua Yesu. Tunasema Mungu alimfufua. Mtu aliyekwisha kuamini Mungu, akikutana na Paulo na Yakobo na hizo siku kumi na tano, akiamini sioni alikokosea.

Karibuni. Hoja kwa hoja, povu mkaliache nje.

—

SHUHUDA WA PEMBENI

Nimekaa paleee nasubiri Kalamu Kavu aamke.

—

KALAMU KAVU

Nimeamka.

Mkuu, kwanza pole kwa mama. Pili, heko, leo umeleta nondo. Lakini hapo kwenye ndala umejikwaa.

Unasema aliyefiwa hawezi kusema "amefufuka". Wewe hukusema kwa sababu hukulelewa katika watu wanaongoja ufufuo wiki ijayo. Wale walikuwa wameacha nyavu zao kwa ajili ya mtu aliyewaambia ufalme wa Mungu umekaribia. Mtu hupewa maruweruwe na huzuni, lakini maelezo yake huyatoa kwenye kabati la utamaduni wake. Wewe kwenye kabati lako ulikuta "nimechoka, ni majonzi". Petro alikuta "ufufuo".

Halafu unasema ufufuo wa mtu mmoja haukuwa kwenye ratiba ya mtu. Soma Marko 6:14. Watu wanamsikia Yesu na wanasema ni Yohana Mbatizaji amefufuka katika wafu. Herode mwenyewe anasema hivyo. Mtu mmoja, katikati ya historia, Warumi wakiwapo. Kabati lilikuwa na nguo hiyo.

Tatu, Paulo. Anatumia neno lile lile, "alitokea", kwa Kefa na kwake yeye. Naye alichoona, kwa Matendo 9, ni nuru na sauti. Katika mstari wa 44 wa ile sura ya 15 ya Wakorintho anaongelea "mwili wa roho". Kwa nini nisiseme wote waliona alichoona Paulo, kisha miaka ikapita, Luka akaongeza samaki wa kuokwa na Yohana akaongeza makovu? Chumvi yako hiyo.

—

MLETA MADA

Kalamu Kavu, Marko 6:14 umenipata. Sikuifikiria, na naondoa neno "ratiba ya mtu". Uvumi wa namna hiyo ungeweza kuzuka.

Lakini itazame hiyo hiyo kwa karibu. Nani anasema Yohana amefufuka? Watu wa mbali, na mfalme mwenye dhamira chafu aliyemkata kichwa. Wanafunzi wa Yohana, waliomjua, Marko 6:29 inasema walikuja wakauchukua mwili, wakauzika, basi. Hakukuzuka kundi la watu wanaokufa kwa ajili ya Yohana aliyefufuka. Kwa Yesu ni kinyume: walio karibu ndio wanaosema, wa mbali ndio wanaocheka.

Na hilo kabati walikuwa nalo wengi. Simoni bar Giora, kiongozi wa waasi wa Kiyahudi, walimfuata maelfu, Warumi wakamuua Roma baada ya Yerusalemu kuanguka. Bar Kokhba, aliyeongoza uasi mwingine dhidi ya Warumi, aliitwa Masihi na Rabi Akiva, akauawa mwaka 135. Kabati lilikuwa lile lile, majonzi yale yale, hakuna aliyelivaa vazi hilo.

Kuhusu Paulo na nuru: hapo una haki ya nusu. Neno ni moja. Ila yeye mwenyewe anajiweka kando, "kama ni mtu aliyezaliwa si kwa wakati wake". Anajua lake halikufanana na la wengine. Na "mwili wa roho" kwake bado ni mwili. Kama alitaka kusema roho tu, Wakorintho wangemshangilia, maana kilichowakwaza wao ni mwili. Aliandika sura nzima kwa sababu hakukubali njia hiyo rahisi.

—

KALAMU KAVU

Bar Kokhba na Bar Giora walikuwa watu wa vita. Mtu wa vita akiuawa kashindwa, hakuna mjadala. Nikupe anayefanana zaidi: Sabbatai Zevi, rabi wa karne ya 17. Nusu ya Wayahudi wa dunia nzima walimtazama kama Masihi. Mwaka 1666 Sultani wa Uturuki akamtia mbaroni, naye akasilimu. Unategemea nini? Watu waende nyumbani. Wengi walikwenda, lakini waliobaki wakasema hiyo ndiyo siri yenyewe, Masihi lazima ashuke gizani kuokota cheche za nuru takatifu zilizonaswa humo. Alipokufa mwaka 1676 wakasema amefichwa. Kundi likaishi karne na karne.

Binadamu hakubali kirahisi kwamba alikosea, mkuu. Kadiri alivyopoteza vingi ndivyo anavyotafuta maelezo.

—

MLETA MADA

Huo ni mfano mzuri na nimeutafakari kabla ya kujibu. Kwamba "nusu ya Wayahudi wa dunia" sitaiwekea mkono, lakini walikuwa wengi na kuanguka kwake ni kama ulivyosema.

Unanithibitishia kwamba waliopoteza vingi hawaachi. Hilo linaelezea Petro. Linaelezea Mariamu. Lakini Yakobo alipoteza nini? Hakuwa amewekeza chochote. Paulo alikuwa amewekeza upande wa pili. Kwake Yesu aliyekufa ni ushindi. Tafuta katika kisa cha Zevi mtesaji wa wafuasi wake aliyegeuka na kusema "nimemwona". Ukimpata nitakaa kimya.

—

BINTI NUKUU

Kaka, naomba nichomekee. Umekiri tofauti za wanawake na malaika, lakini umeruka pagumu zaidi. Mathayo 27:52-53. Makaburi yanafunguka, miili ya watakatifu wengi inaamka, wanaingia mji mtakatifu, wanawatokea wengi. Wafu wanatembea mjini na hakuna mwingine aliyeandika? Yosefu aliyeandika mpaka ugomvi wa makuhani amelikosa hilo?

Mimi ni muumini pia, nauliza kwa sababu nafundisha vijana Jumapili na mmoja aliniuliza nikajifanya sikusikia.

—

MLETA MADA

Dada, umenishika. Nami huwa napita hapo kwa kasi.

Jibu langu, na wengine mtanitolea mapembe: sidhani Mathayo anaandika hapo kama anavyoandika kwamba Yesu alizikwa. Pazia linapasuka, nchi inatetemeka, miamba, makaburi. Hiyo ni lugha ya manabii, Ezekieli 37 imemwagwa juu ya Ijumaa. Anachora maana ya kifo kile. Wapo Wakristo wanaosema ilitokea neno kwa neno, na wana haki ya kusema. Lakini mtu asikuambie kwamba ukiyumba hapo umeanguka kote. Paulo aliandika kabla ya Mathayo na hana habari hiyo, na imani yake haikuyumba.

Huyo kijana mrudie umwambie ulisikia.

—

MJA WA MOLA

Assalaam alaykum wote.

Nimefuatilia kimya. Mimi ni Muislamu, nina mambo mawili, moja kwa kila upande.

Kwa Kalamu Kavu: kama unashikilia kwamba mfu hawezi kufufuka kwa sababu hatujaona akifufuka, Qur'ani imeshalijibu katika Yasin, aya ya 78 na 79. Mtu aliuliza nani ataihuisha mifupa iliyomung'unyika. Jibu: Aliyeiumba mara ya kwanza. Kuumba pasipo kitu ni kugumu kuliko kurudisha. Hapo mimi na mleta mada tuko kitu kimoja.

Kwa mleta mada: umeanza hesabu yako na "alikufa, alizikwa" kana kwamba sote tumekubaliana. Suratun-Nisaa aya ya 157 inasema hawakumuua wala hawakumsulubu, bali walifananishiwa. Kama hakufa, hakuna wa kufufuka. Umekaa ukijadili paa wakati msingi hatujaafikiana.

—

MLETA MADA

Waalaykum salaam, sheikh. Umesema kwa adabu na nitajaribu kujibu hivyo hivyo.

Kifo chake naanza nacho kwa sababu wanahistoria wa kila dini na wasio na dini wanaanza nacho. Tacitus, Mrumi aliyetuchukia, anaandika yapata mwaka 116 kwamba Kristo aliuawa chini ya Pilato, zama za Kaisari Tiberio. Wewe unakikataa kwa sababu ya wahyi, si kwa sababu ya hati nyingine ya karne ya kwanza. Naliheshimu hilo, ila tukubaliane kwamba hapo tumetoka kwenye historia. Mimi nami nikisema "ni Mungu aliyemfufua" ninatoka kwenye historia, kwa hiyo sikulaumu.

Lakini nimefurahi ulivyomwambia Kalamu Kavu. Ndicho nilichotaka kumwambia Hume, umekisema kwa maneno machache. Yupo pia mwanazuoni wa Kiyahudi, Pinchas Lapide, Mwothodoksi kabisa, aliyekubali kwamba Mungu alimfufua Yesu na bado hakuwa Mkristo. Kwake Yesu hakuwa Masihi wa Israeli. Kwa hiyo swali la "inawezekana?" na swali la "ina maana gani?" ni mawili tofauti, na humu kila siku tunayakoroga kwenye chungu kimoja.

—

KALAMU KAVU

Sheikh, Aya ni nzuri lakini inajibu kwa kutaja kile ninachouliza kama kipo.

Mleta mada, swali la mwisho, usilikwepe. Ungeacha kuamini kwa kitu gani? Kama jibu ni "hakuna", basi kurasa zote hizi ni mapambo.

—

MLETA MADA

Haki yako.

Paulo ameshaliweka mezani: "kama Kristo hakufufuka, basi, kuhubiri kwetu ni bure" (1 Wakorintho 15:14). Kwa hiyo kipo. Mifupa ikipatikana na ikajulikana kwa hakika kuwa ni yake, nimeacha. Barua ya kweli ya Kefa ikisema "tulimwona rohoni tu, mwili wake uko pale pale, wengine wakakuza", nimeacha pia. Sitasema nilimaanisha kiroho. Nitaumia, kwa sababu yule niliyemzika nilimzika nikiwa na tumaini hilo, lakini nitaacha.

Kitu kidogo kuliko hivyo, kama malaika walikuwa wangapi, hakinitoi.

Na wewe? Ungehitaji kuona nini?

—

KALAMU KAVU

Nimekaa na swali lako tangu jana.

Sijui, mkuu. Nilitaka kuandika "nimwone mwenyewe". Halafu nikajua si kweli. Nikimwona mwenyewe, cha kwanza nitakachofanya ni kwenda kupima macho.